Mkeka Uliomlaza Bi Mwanatenga

Hapo zamani, zamani ambayo ukiigusa bado ina uvuguvugu, palikuwa na kijiji kikiitwa Mkindini. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu, maana hiki ni kisa cha usingizi na sitaki kupaza sauti.

Watu wa Mkindini walikuwa wasukaji wa mikeka. Bondeni kuliota mikindu, wanawake wakikata majani yake machanga, wakiyaanika, wakiyachana, wakiyachemsha na rangi, na huo ndio ukindu. Ukindu ulisukwa ukawa ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vinne. Ukili ukazungushwa, ukashonwa ukingo kwa ukingo, ukawa mkeka. Mpaka hapo hakuna la ajabu, hata kwenu mnasuka. La ajabu la Mkindini lilikuwa nakshi zao, kwa sababu hazikubuniwa, ziliotwa. Mwanamke alilala, akaota mkeka, akaamka akaisimulia ndoto yake wakati wa kunywa uji, na tangu siku ile nakshi ilikuwa yake. Mwingine asiisuke mpaka aombe ruhusa.

Walikuwa na desturi nyingine tena. Sikukuu ya Mfunguo Mosi, mtu alimpelekea ampendaye mkeka mpya. Baada ya sala na chakula, aliyepewa alijinyoosha juu yake mchana ule ule. Akiamka huuliza, "Nani mwenye mkeka?" Mwenye mkeka hujibu, "Mimi." Hapo huketi naye mkekani, upande wa kushoto, akaomba jambo moja, na jambo hilo halikataliwi, liwe zito liwe jepesi. Mkeka mmoja, mwenyewe mmoja, ombi moja. Desturi ilikwenda vizuri miaka na miaka, kwa sababu aliyeota ndiye aliyesuka, na aliyesuka ndiye aliyeshona.

Basi alikuwapo Kazija, mtoto wa kike wa Bi Mwanatenga. Kazija alizaliwa na mkono wa shoto. Alipoanza kusuka, ukili wake ulilalia upande ambao ukili wa watu wengine haulalii. Mama yake alikuwa akiupitisha vidoleni na kucheka. "Huu ni wako," husema. "Hata nikiwa kipofu nitaujua." Walikuwa wakisuka barazani, mama kulia, mtoto kushoto, mpaka usingizi unawapitia na mikono bado inakwenda.

Kazija akakua, akaolewa kijiji cha pili, mwendo wa asubuhi nzima kuvuka mashamba ya mpunga. Akajifungua mtoto wake wa kwanza. Yumo ndani, arubaini haijaisha, ikaja habari kuwa baba yake ni mgonjwa. Wakwe zake wakasema, "Mzazi hatoki nje." Ikaja habari kuwa baba amezidiwa. Wakasema, "Mzazi hatoki nje." Ikaja habari kuwa baba amefariki, na hapo Kazija hakumsikiliza mtu, akambeba mtoto akaondoka. Alipofika Mkindini watu walikuwa wanakunja majamvi ya hitima.

Bi Mwanatenga alimtazama, akamtazama, kisha akasema mbele za watu, "Mtoto wa mtu haji udongo umekauka. Kuanzia leo usiniite mama. Niite Bi Mwanatenga, kama wanavyoniita wapita njia. Na wallahi, ubavu wangu hautolala juu ya kitu kilichosukwa kwa mkono wako."

Kazija akarudi kwa mumewe na neno "mama" likabaki kooni. Tangu siku ile hakuota tena. Alilala, aliamka, katikati hamna kitu, na nakshi zake zikamwisha. Lakini kila mwaka, mfungo ukikaribia kuisha, alisuka mkeka mtupu, mweupe, akaupeleka Mkindini. Mwaka wa kwanza mkeka ukarudi. Mwaka wa pili mkeka ukarudi. Mwaka wa tatu ukarudi, na aliyeubeba hakupewa hata maji ya kunywa. Kila mara Bi Mwanatenga alipitisha vidole mara moja tu, akasema, "Mkono huu naujua. Upelekeni ulikotoka." Miaka saba, mikeka saba, yote imeegemezwa ukutani kwa Kazija na hakuna anayeilalia.

Sasa Bi Mwanatenga naye usingizi ulimkimbia. Alianza kwa kuamka alfajiri mno, akaendelea kwa kuchelewa kulala, mwisho akawa halali kabisa, macho makavu, kichwa kizito. Walimpa maziwa ya moto. Walimsomea. Walimkanda miguu. Wapi! Akawa mkali hata kwa kuku.

Aliyekuwa akikaa naye ni Mize, mke wa mwanawe Vuai. Vuai alikuwa mbali kwenye mashamba ya karafuu, na Mize si mtu wa Mkindini, ametoka bara ambako wanashona magunia na hawajui kusuka. Sindano alikuwa anaijua hasa. Mama yake Mize alikuwa akiugua huko kwao. Kila mwezi Mize alipiga magoti, "Mama, niruhusu nikamwone mama yangu." Kila mwezi Bi Mwanatenga alijibu, "Uniache na nani, na macho haya? Ngoja nife, utakwenda." Mwanamke mzima akaishia kulilia jikoni na kusingizia vitunguu.

Na nyuma ya ua aliishi Bi Subira, jirani. Mnamjua mtu anayeongea mpaka jogoo anamsubiri amalize? Ndiye huyo. Zamani alikuwa msukaji, sasa vidole vimekakamaa, kazi yake kutia rangi na kuota. Lo, aliota yule! Yeye na Bi Mwanatenga waligombana miaka mingi nyuma, sababu wameisahau wote wawili ila ugomvi wanaukumbuka. Bi Mwanatenga, ambaye bonde la mikindu lilikuwa mali ya wazee wake, akamkataza Bi Subira kukanyaga bondeni. Tangu hapo akawa ananunua ukindu kwa watu, akiutia rangi na kuuza, na faida yenyewe haijazi hata kibaba cha unga.

Mwezi wa Rajabu Bi Subira akaota ndoto moja asubuhi tatu mfululizo. Akampigia Mize kelele juu ya ua. "Mize, mwanangu, nimeuona mkeka! Zambarau kote, na milango myeupe safu kwa safu, kila mlango umerudishwa lakini haukufungwa. Na juu yake amelala huyo mama mkwe wako, anakoroma kama mtu asiye na deni la chakula kwa mtu. Asubuhi tatu! Nakwambia mkeka huu ukisukwa atalala."

Mize akamwuliza, "Nani atausuka, bibi? Mimi sijui, na wewe huwezi."

"Yuko mmoja," akasema Bi Subira, na hakumtaja.

Siku ya pili Mize akavuka mashamba ya mpunga. Akamkuta Kazija anapepeta mchele. Wakakaa chini, wifi na wifi, Mize akaeleza ndoto, akaeleza macho makavu ya mama. Kazija akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Akiugusa ataujua. Ataurudisha."

"Nitaugeuza," akasema Mize. "Nimeitazama ile mikeka yako ukutani. Ukili wa shoto ukiushona kwa mgongo, unalala upande wa watu wote. Nakshi inaonekana kote kote. Kazi yake ni zile ncha zinazochomoza mgongoni, nitazikata moja moja. Lakini, wifi, lazima iwe siri. Jina lako lisitajwe. Nitampelekea mimi, kwa jina langu."

Kazija akarudi kupepeta. Aliona uchungu, kusema kweli, uchungu mkubwa, wa kumsukia mama yake na asijulikane. Kisha akamwona mama yake kwa mawazo, amekaa kitandani, macho wazi. Akasema, "Alale tu. Jina lichukue."

Basi Bi Subira akatia rangi. Akachemsha, akaanika, akachemsha tena mpaka zambarau ikakolea. Ukindu ukavuka mpunga, ukamfikia Kazija, Kazija akasuka. Akasuka Rajabu. Akasuka Shaabani. Ramadhani ikaingia, akasuka na kiu yake. Alisuka milango myeupe iliyorudishwa bila kufungwa, mlango baada ya mlango, na kila alipomaliza mmoja alitamani kujua upande wa pili kuna nani. Mkono wa kushoto ukienda, macho yakifumba, mara nyingine alihisi kuna mtu amekaa upande wake wa kulia. Akigeuka hamna mtu. Akasuka pima themanini.

Kumi la mwisho, ukili ukarudi kwa siri uani kwa Bi Subira, Mize akaanza kushona. Kila alasiri, Bi Mwanatenga akiwa na tasbihi yake, Mize alipita tundu la ua. Aliugeuza ukili, mgongo juu, uso chini. Akakata ncha kwa kisu kidogo, elfu kwa maelfu, akapitisha shavu lake juu ya kila pima kuhakikisha hakuna inayochoma. Vidole vikapasuka. Futari alipika kwa vidole vilivyofungwa vitambaa, na mama mkwe akamwuliza ana nini. "Nimeungua na chungu, mama," akasema.

Sikukuu ikafika. Watu wakasali, wakala pilau, wakapeana mkono wa Idi. Mize akautandika mkeka barazani. "Mkono wako wa Idi, mama." Bi Mwanatenga akainama, akapitisha vidole. Kazija alikuwa amesimama nyuma ya ua wa Bi Subira, amekuja kwa siri, ushungi umemfunika mpaka machoni. Vidole vikaenda, vikarudi. "Laini," akasema Bi Mwanatenga. Akajinyoosha. Akaiangalia milango myeupe kwa macho yake yaliyochoka, mlango, mlango, mlango, na kabla hajafika wa kumi akalala.

Akalala! Mize akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Wakaja wageni kumpa mkono wa Idi, wakamkuta amelala, wakaketi kumsubiri. Wakaona haya kuzungumza, wakanyamaza. Wakanyamaza, wakasinzia. Watoto waliovaa nguo mpya wakalaliana magotini, biskuti mkononi. Mbuzi akapiga magoti kivulini. Mize naye, ambaye kwa miezi alikuwa hajui usingizi mzima kwa ajili ya kukesha na mama mkwe, akaegemea nguzo akaenda zake. Hata Bi Subira alinyamaza, na hilo lilikuwa halijapata kutokea. Kijiji kizima kikawa kinapumua pamoja, taratibu, upepo ukipita juu ya watu bila kumwamsha mtu.

Aliyekuwa macho ni Kazija peke yake. Akapita tundu la ua. Akapita kati ya waliolala, akiinua mguu juu ya mguu wa huyu na mkono wa yule, mpaka akafika penye mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane kumwona mama yake kwa karibu. Mvi zimezidi. Kidevu kimekonda. Kazija akachutama tu, hakugusa.

Ndipo akaona mkono wa mama yake, katika usingizi, unatembea. Ulitembea mpaka kwenye ncha ya mkeka, ukaikunja ncha, ukaingia chini yake. Vidole vikapapasa uso wa mkeka ulioelekezwa chini, ule uliolalia upande wa shoto. Vikapapasa mara moja, vikapapasa mara ya pili. Usoni pa mama pakapita kitu, tabasamu au kivuli cha ndoto, Kazija hakuweza kujua. Vidole vikatulia pale pale, vikabaki pale, na mama akaendelea kulala.

Jua lilipofika kimo cha ua Bi Mwanatenga akafumbua macho, na wote wakaamka pamoja naye. Kazija alikuwa hajapata nafasi ya kuondoka. Bi Mwanatenga akamwona. Akajiinua, akaketi, macho maji, uso mwepesi.

"Nimeota," akasema. "Nimeota nasuka, na kushoto kwangu kuna mtu. Nimelala usingizi ambao sijalala tangu mume wangu akiwa hai." Akapapasa mahali patupu kushoto kwake, akauliza kama inavyoulizwa, "Nani mwenye mkeka?"

"Mimi," akasema Bi Subira.

"Mimi," akasema Mize.

Kazija alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Mimi," akasema.

Watu wakageuka. Hapo ndipo siri yote ikamwagika barazani, kila mmoja akitoa yake, na Bi Mwanatenga akisikiliza bila kupepesa.

Bi Subira akasema, "Mwenye ndoto ndiye mwenye nakshi, hilo hata kuku wa Mkindini wanalijua. Niliota mara tatu. Ningekuwa na roho mbaya ningekunja ndoto yangu nikakuacha na macho yako makavu, maana hukunisalimia miaka mingapi? Wao wamefuata nilichoona mimi. Ombi langu ni bonde. Nikate ukindu kwa mkono wangu, nile. Nimezeeka, Mwanatenga, na nina njaa." Neno la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, na watu wakainamisha macho.

Mize akapiga magoti na kuonyesha vidole. "Mama, mkeka huu kama si mimi ungekuwa kamba ndefu yenye miba. Mimi ndiye niliyekwenda kuutafuta, mimi niliyeushona, mimi niliyekutandikia. Na wifi alisema kwa kinywa chake, jina lichukue. Leo analitaka tena? Ombi langu unalijua. Nataka kwenda kwa mama yangu, kesho, kabla hajafa." Kisha akamgeukia Kazija, na machozi yakamtoka. "Wewe wifi ulichelewa kwa baba yako. Unataka na mimi nichelewe kwa mama yangu?"

Kazija alihisi maneno yale yakimwingia mpaka mifupani. Aliposema, hakumtazama Mize, alitazama mkono wa mama yake, ambao bado ulikuwa chini ya ncha ya mkeka.

"Nilikuachia jina, wifi, ni kweli. Nilisema alale tu, na amelala, ningeondoka nikashukuru. Lakini nimeuona mkono wake ukinitafuta. Pima themanini, kila jani limepita hapa." Akainua kiganja cha kushoto. "Ombi langu si bonde wala si safari. Ni neno moja. Nataka nilitamke na aliyenizaa aitike."

Bi Mwanatenga akasema kwa sauti nzito, "Niliapa sitolala juu ya kazi yako. Mmenilaza kwa hila, nyinyi watatu."

"Kiapo kina kafara," akasema Bi Subira. "Utafunga siku tatu, mwili wenyewe umeshazoea mfungo."

"Kafara naijua," akasema Bi Mwanatenga. "Sijauliza kafara. Nimeuliza mkeka ni wa nani."

Akawatazama mmoja mmoja. Mkono wake wa kushoto umeondoka mahali patupu, amepaacha wazi, mtu mmoja anatosha na wa pili hapati. Jua likizama kabla hajaketi mtu, ombi limepotea kwa wote, ndiyo desturi.

Msiniambie wagawane, mkeka haugawanyiki. Msiniambie Kazija akisamehewa atabaki na mama ili Mize aende, maana Kazija ana mume na watoto ng'ambo ya mpunga na lazima arudi kwao. Msiniambie Bi Subira asubiri mwaka ujao, na nyinyi hamjaonja njaa ya uzeeni. Na yupo kati yenu atakayesema asikae yeyote, kwa kuwa wote watatu walimdanganya mama mtu mzima siku ya sikukuu, naye pia ana lake la kusema.

Ndoto ilikuwa ya Subira, sindano ilikuwa ya Mize, mkono ulikuwa wa Kazija, na usingizi ulikuwa wa Bi Mwanatenga. Mimi nimefika hapa na sina zaidi. Je, mngekuwa nyinyi mmeketi pale, jua limegusa ua, mngemwambia nani, "Njoo ukae"?